Mguu wa Dirishani

Tarehe 3 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Naongeza shikamoo nyingine, maana barua iliyopita niliisahau na najua uliiandika moyoni. Sisi huku wazima. Mjukuu ameota jino la kwanza na tayari amemng'ata babu yake. Wifi yako hajambo, anakusalimu sana, ingawa wiki hii amehamia jikoni na ameapa hatoki humo mpaka sebule irudi kuwa sebule. Hilo nitalifikia. Barua hii anakuletea yule dereva wa lori la saruji, Mzee wa Honi. Mpe chai, usimpe maneno, maana akipewa maneno huyagawa njia nzima.

Kazi imenifungukia. Wamenipa kusimamia mnara wa tangi la maji la mji, mrefu kuliko chochote nilichowahi kujenga. Asubuhi nasimama pale na timazi mkononi, ile kamba yenye uzito inayoonyesha kama ukuta umesimama wima, vijana wananyamaza, na mimi najiona mfalme.

Sasa jambo lenyewe, na usicheke. Nimevunja sakafu ya sebule.

Ilikuwa hivi. Kuna kijimaumivu kiunoni, kidogo tu, cha kuja na kuondoka. Nisingekitaja kabisa, ila wifi yako amekishikia bango. Akanikokota hadi zahanati. Kuna binti pale, mtaalamu wa viungo, akaniambia nivue viatu nisimame wima. Nikasimama. Akaweka viganja juu ya mifupa ya nyonga, huku na huku, akainama kama anayechungulia tundu la ufunguo, akasema, "Baba, hauko sawa. Upande mmoja umeshuka. Mguu wako mmoja ni mfupi kuliko mwenzake."

Dada, mimi! Mimi ambaye mji mzima wananiita Timazi! Mimi ninayebomoa ukuta wa mtu kwa sababu umeinama unene wa ukucha! Nikamwambia, "Mwanangu, labda ni jengo lenu." Akacheka, akaandika karatasi.

Nilipofika nyumbani nikamwambia wifi yako alaze pima maji kwenye mkanda wangu, nyuma, kiunoni. Kipovu cha kwenye kioo chake kikakimbilia upande mmoja kama kimeitwa. Nikasema, bila shaka ni sakafu. Niliimwaga mwenyewe tulipokuwa maharusi wapya, na unajua bwana harusi huwa na haraka. Nikailaza pima maji sakafuni, kipovu kikatulia katikati. Nikasema hii sakafu ni mnafiki. Nikachukua sururu.

Nimevunja, nimemwaga zege jipya, nimelainisha. Ilipokauka nikasimama, wifi yako akapima. Kipovu kikakimbia vilevile. Nikanunua pima maji nyingine. Nayo ikakimbiza kipovu! Pima maji za siku hizi hazina adabu.

Msalimu shemeji na wajomba zangu wadogo wote.

Mdogo wako,
Timazi


Tarehe 22 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba, tena marahaba mbili, ya pili nimeiweka akiba. Sisi wazima. Shemeji yako amestaafu rasmi na sasa anasimamia sufuria zangu kama alivyokuwa akisimamia bohari. Anahesabu vijiko.

Barua yako niliisomea kazini, saa ya chakula. Unajua chumba chetu cha kufulia pale hospitalini kilivyo, mashine sita zinanguruma, mvuke kila mahali, huoni hata pua yako. Nilipofika pale sakafu iliposhitakiwa kwa unafiki nikaanguka juu ya rundo la mashuka nikilia. Wenzangu wakadhani nimefiwa. Wawili wakaanza kunifariji na mmoja tayari alikuwa anavua aproni aniombee ruhusa. Ilibidi niwasomee. Sasa madobi wote wanakujua, na pima maji yako inapata salamu nyingi kuliko wewe.

Lakini sikuishia kucheka. Tunaye hapa mtaalamu wa viungo, mama mmoja mtu mzima anayeleta taulo zake kila Jumatatu. Nikambana kona. Anasema watu wengi sana hawana miguu iliyo sawasawa, na wengi wao wanazeeka na kuzikwa bila kujua wala kuumwa. Mwili unazoea. Ila mwingine, tofauti ikiwa kubwa kidogo, halafu kazi yake ni kusimama kutwa na kubeba vizito, nyonga inalala upande, uti wa mgongo unajipinda ili kichwa kibaki juu ya mabega, na misuli ya upande mmoja inafanya zamu ya mchana na ya usiku. Ndipo mgongo unapodai haki yake. Akasema tena kwamba wakati mwingine mifupa ni sawa kabisa na ni misuli ya nyonga tu iliyokaza, kwa hiyo mtu apimwe na mwenye ujuzi. Nikamwuliza kuhusu pima maji. Aliondoka ameshika mbavu.

Dawa yenyewe si sururu, mdogo wangu. Ni kuinua kiatu cha mguu mfupi, kidogo kidogo, na mazoezi. Basi. Nyani haoni kundule, na Timazi hajioni alivyoinama.

Sasa nijibu bila kuzungukazunguka. Ni mguu upi? Wa dirishani au wa mlangoni? (Unakumbuka Mama akituosha miguu kitandani kabla hatujalala, "Leteni wa dirishani! Leteni wa mlangoni!" Mimi mpaka leo nikivaa soksi naanza na wa dirishani.)

Na unaumwa kiasi gani? Umeandika "kidogo tu". Neno hilo nalijua, lilikuwa la Baba.

Dada yako


Tarehe 15 Machi

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima. Jino la mjukuu limepata mwenzake. Hilo la Baba sikulielewa, tuliache.

Habari kubwa ni kwamba sakafu nimeipatia. Niliwaza, kama kipovu hakitaki kuja katikati kwenye sakafu iliyonyooka, basi sakafu ije kwa kipovu. Nikaivunja tena, nikaimwaga upya, upande mmoja nikaupandisha taratibu mpaka nikisimama pale, mkanda wangu unasoma sawa kama meza ya jaji. Raha iliyoje! Mgongo ulitulia jioni nzima. Nikamwita wifi yako aje aone mtu aliyenyooka.

Tatizo ni moja tu. Niko sawa nikitazama dirishani. Nikigeuka kutazama mlango, ule mguu mfupi unakuwa bondeni na naegemea kama mlevi. Kwa hiyo nikiingia nyumbani nimenyooka, nikitoka nimepinda. Pia wifi yako alidondosha kitunguu, kikaondoka chenyewe hadi chini ya kabati. Wageni wakikaa upande wa juu wanatuangalia kama wanahutubia. Wifi yako anaokota vitunguu tu.

Basi nimesalimu amri. Nakutumia viatu vyangu vya kazi ndani ya mfuko. Mzee wa Honi nimemwambia vinaenda kubadilishwa soli. Nakuomba umtafute fundi viatu wa huko kwenu, asiyenijua. Hapa siwezi. Fundi viatu wetu ana benchi barabarani, na kabla gundi haijakauka mji mzima ungejua kwamba Timazi ana mguu mfupi. Nani atanipa mnara baada ya hapo? Ukuta ukipata ufa hata kwa tetemeko watasema ni mguu.

Binti wa zahanati amenipima tena, ameniwekea vibao vyembamba chini ya unyayo kimoja kimoja mpaka nyonga zikalingana. Anasema ni mfupa kweli, sentimita mbili. Mguu wenyewe ni ule wa dirishani. Mwambie fundi aweke sentimita zote mbili kwa mpigo, mimi si mtoto wa kunyonya.

Nakutumia na picha tuliyopigwa msingi wa mnara ulipokamilika. Huyo aliyepandisha mguu juu ya tofali ni mimi. Huwa nasimama hivyo kila siku, vijana wanasema ni maringo.

Mdogo wako,
Timazi


Tarehe 9 Aprili

Mdogo wangu Timazi, mwenye nyumba ya mteremko,

Marahaba. Sisi wazima, ila shemeji yako amegundua vijiko viwili havipo na ametangaza uchunguzi.

Kwa barua yako ya kitunguu nimepewa onyo kazini. Msimamizi wetu anasema nicheke nje ya saa za kazi.

Viatu hivi hapa. Fundi viatu niliyempata yuko mkabala na lango la hospitali, mzee mkimya. Nilimwambia kiatu cha dirishani kiinuliwe, akanitazama, ikabidi nimwonyeshe kwa kidole. Ameongeza soli kwa chini, nadhifu kabisa, na ameipaka rangi nyeusi isionekane. Ameweka sentimita moja. Usinung'unike! Mama wa taulo amekataa katakata hizo mbili. Anasema mwili uliozoea kuinama miaka hamsini hauamshwi kwa teke, unaongezwa polepole. Utavivaa kila siku, utafanya mazoezi aliyokupa binti, na utarudi akupime.

Picha nimeiweka kwenye kabati la vyombo. Kweli umependeza. Tofali nalo limependeza.

Niandikie mgongo unavyosema. Si "kidogo tu". Niandikie kweli.

Dada yako


Tarehe 11 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo? Mimi naandika, naandika, barua zangu zinaingia kisimani hata mlio sisikii. Vijiko vilipatikana, vilikuwa mfukoni mwa koti la mchunguzi mwenyewe.

Mzee wa Honi amepita jana. Nilimpa chai, akanipa maneno. Anasema amekuona kwenye mnara umeshika nguzo ya jukwaa kwa mikono miwili, na alipokupigia honi hukugeuka mwili, uligeuza shingo tu. Anasema mara ya pili alipopita hakukukuta.

Viatu vinakufaa? Nijibu hata mstari mmoja. Hata tusi.

Dada yako anayengoja


Tarehe 2 Julai

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta katika afya njema wewe, shemeji na watoto wote. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mvua zilikuwa za wastani. Mjukuu ana meno manne.

Viatu ni vizuri sana, ahsante. Nimevivaa kila siku kama ulivyoagiza. Mshukuru fundi.

Mnara unaendelea. Nimemkabidhi msaidizi wangu, yule tunayemwita Kipara, mwiko wangu na timazi. Ni mtu makini, atamaliza vizuri. Mimi napumzika kidogo tu. Zahanati sijarudi, naona si lazima kuwasumbua.

Sebuleni hatukai tena. Wifi yako amenisogezea kitanda karibu na dirisha ili nione wanaopita. Ni pazuri. Kuna upepo.

Septemba natimiza umri ule. Unaujua. Nimekuwa nikiwaza tu kwamba mambo mengine mtu hayakwepi, yako kwenye damu. Sitaki uhangaike wala uombe ruhusa kazini. Nilitaka tu uwe unajua vitu vilipo. Hati ya nyumba iko kwenye sanduku la bati.

Wako,
Mdogo wako


Tarehe 13 Julai

MDOGO WANGU, VUA VIATU!

Usisome zaidi. Vua kwanza. Mwite wifi yangu akuvue.

Umevua? Haya, sasa hujambo.

Barua yako nimeipokea leo mchana. Nilipofika pale pa kitanda kusogezwa dirishani nilikaa chini hapo hapo kwenye kizingiti cha jikoni nikalia. Kwa maana nilikisogeza kitanda cha Baba kwa mikono yangu, nawe ulishika upande wa miguu. Na yeye alisema ni pazuri, kuna upepo. Akalala pale miaka minne, hakuinuka tena. Ndicho unachokiwaza tangu Februari, na mimi nimekijua tangu Februari, na sote wawili tukawa tunaandikiana habari za vitunguu. Mficha maradhi kilio kitamuumbua. Sasa nakisema waziwazi, ili kitoke ndani kikae juani. Unadhani unakufa kama Baba, tena kwa umri ule ule.

Nilipochoka kulia nikaitoa picha yako kabatini. Nikakutazama ulivyosimama na mguu juu ya tofali, kama bwana mkubwa. Mara nikamwona Baba. Unakumbuka Baba alivyokuwa akirudi kutoka kazini? Tarishi, kutwa miguu yake inapanda na kushuka ngazi za ofisi za watu. Akifika nyumbani haketi. Anasimama mlangoni, mguu mmoja juu ya kizingiti, anazungumza na Mama hapo hapo mpaka jua linazama. Majirani wakasema anaringa. Sisi wenyewe tulisema anaringa! Hakuwa anaringa, mdogo wangu. Alikuwa anajisawazisha. Na wewe umesimama hivyo hivyo, miaka yote, na tofali lako.

Nikataka kujua ni mguu upi. Saa yako unaivaa kushoto, na mguu ulio juu ya tofali uko chini ya saa. Kushoto. Nikasema vyema, kushoto ndio mfupi, na fundi kaongeza... Nikamwona fundi mkimya na kiatu mkononi. Kilikuwa cha kulia.

Nikasema haiwezekani, wa dirishani ni wa kulia, nimeanza kuvaa soksi na huo tangu nina akili. Nikaenda chumbani, nikajilaza kitandani chali kama tulivyokuwa tukilala kwa Mama. Dirisha liko kulia. Sawa. Halafu nikakumbuka tulivyolala wewe na mimi kwenye kile kitanda kimoja.

Mzungu wa nne!

Kichwa changu huku, kichwa chako kule, miguu yako puani mwangu. Nikageuka nikalala upande wako. Dirisha likahamia kushoto! Mama alikuwa akiita, "Leteni wa dirishani," mimi natoa wa kulia, wewe unatoa wa kushoto, yeye anaosha yote miwili, na hakuna aliyewahi kubisha kwa sababu kila mtu alikuwa sahihi. Mdogo wangu, tumeishi nusu karne tukiita miguu miwili tofauti kwa jina moja, na tumekuja kugundua kwa gharama ya mgongo wako.

Shemeji yako aliponikuta nageuka kitandani kichwa huku, kichwa kule, nalia na kucheka kwa pamoja, alikwenda kumwita jirani.

Umeelewa basi? Mguu wako mfupi ulikuwa na upungufu wa sentimita mbili. Sisi tukauinua ule mrefu. Miezi mitatu umetembea na upungufu wa tatu! Hata mnara ungeumwa mgongo.

Sasa nisikilize kama unavyomsikiliza mkubwa wako. Sijui Baba aliumwa nini. Hakuna aliyempima, wala yeye hakukubali. Labda kilikuwa hiki, labda kingine juu yake. Lakini wewe umepimwa, na ulichonacho kina jina, nacho ni kifupi. Zahanati utarudi kesho, utamweleza binti kila kitu, hata aibu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nakutumia viatu vipya, kile cha kushoto fundi amekiandika ndani kwa chaki, herufi kubwa, KUSHOTO, na mimi nimemsimamia mpaka akamaliza. Mzee wa Honi ameniapia hatasimama popote njiani.

Na kitanda kirudishwe kilipokuwa. Leo.

Dada yako, wa upande wa kulia


Tarehe 25 Septemba

Dada yangu, mzungu wangu wa nne,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Sisi wazima na safari hii si maneno ya kuanzia barua.

Barua yako Mzee wa Honi aliileta mwenyewe hadi kitandani, akisema kaambiwa ni ya haraka kuliko saruji. Wifi yako akaisoma kwa sauti. Aliposoma VUA VIATU alinivua kabla ya kumaliza mstari. Tulipofika kwenye mzungu wa nne nilicheka mpaka mgongo ukaniuma, nikapiga kelele ya maumivu, wifi yako akacheka kelele yangu, mjukuu akacheka kwa sababu sisi tunacheka. Mzee wa Honi alisimama mlangoni na kofia mkononi, hajui kama ampe mtu pole.

Halafu wote walipotoka nililia, dada. Kwa sababu ulikiandika. Miezi yote ile nilikuwa nikiamka namsikia Baba akisema kuna upepo.

Binti wa zahanati nilimweleza yote, hata kwamba niliona soli iko kulia nikadhani mama wa taulo ndiye aliyeamua hivyo, nikaona aibu kuuliza. Aliinamisha kichwa mezani, mabega yakitetemeka, halafu akaomba radhi, akawa mkali. Akaniambia nisitegemee muujiza, misuli niliyoikoroga itachukua muda. Kweli imechukua. Wiki za kwanza ilikuwa nafuu ya kijiko kimoja kimoja. Mazoezi yake ni ya kulala chali na kuinua kiuno, na mjukuu hunipanda tumboni akidhani ni mchezo. Mwezi wa Agosti akanikubalia sentimita ya pili. Bado ninalalamika nikiinua mfuko wa saruji. Binti anasema mtu wa umri wangu asiinue mfuko wa saruji hata akiwa na miguu minne.

Siku ya viatu vya sentimita mbili wifi yako alinitoa uani, kwenye ile slabu ya kufulia ambayo sijawahi kuigusa. Akalaza pima maji kwenye mkanda wangu. Nikamwuliza kipovu kiko wapi. Nikageuka, nikamwona anafuta macho kwa upande wa kanga, na pima maji imeanguka. Akasema, "Katikati. Katikati kabisa, mume wangu."

Nikarudi mnarani. Kipara akanirudishia mwiko umefungwa kwa kitambaa, haujaguswa. Alisema aliutumia wake tu, huu alikuwa ananitunzia. Basi nikawakusanya vijana, nikavua kiatu, nikawaonyesha. Nikawaeleza yote, sakafu, kitunguu, dirisha, mguu mfupi, mguu mrefu ulioinuliwa. Mmoja alishuka kwenye jukwaa kwa sababu aliogopa kuanguka kwa kicheko. Hakuna aliyeninyima mnara. Ila jina la Timazi limekwenda na maji. Sasa naitwa Kabari, kama kile kipande cha kuinulia meza iliyopinda, na hata mhandisi ameanza.

Wiki iliyopita nilipita kwenye nyumba yetu ya zamani. Waliohamia walinikaribisha. Kizingiti ni kile kile, na upande mmoja kimelika, pana kibonde cha unyayo. Nikapandisha mguu wangu wa kushoto pale alipokuwa akiuweka Baba. Nilitaka kusimama kidogo kama yeye. Dada, sikuweza. Mguu ulikuwa juu mno, nikayumba. Nikaushusha, nikasimama chini kwa miguu yote miwili, na nikatamani sana angekuwepo mtu wa kumwekea kipande cha soli. Kilikuwa kitu cha gundi na misumari tu.

Leo asubuhi nimevunja sakafu ya sebule, mara ya tatu na ya mwisho, maana kwa viatu vipya nyumba yangu ndiyo mahali pekee duniani ninapopinda. Nikiwa katikati ya vumbi wifi yako akaja mlangoni na chai, akaniuliza, "Unajua leo tarehe ngapi?" Nikamwambia sijui, na atoke hapo ataumia. Akasema, "Ni ya ishirini na tano."

Dada, siku yangu ilikuwa ya kumi na nane. Umri ule. Ile siku niliyoingoja mwaka mzima kama mtu anayengoja polisi. Imepita wiki moja sasa. Nilikuwa juu ya mnara nikigombana na mtu wa mchanga, na sikuiona ikipita.

Nikaketi juu ya rundo la zege. Wifi yako akaketi kando yangu. Tulikunywa chai yote na vumbi lake.

Njoo Desemba, uje na shemeji, vijiko avihesabu huku. Sakafu itakuwa imekauka. Njoo na yai, uliweke katikati ya sebule, halafu uliache.

Mdogo wako,
Kabari